Aliyelisugua Gari

Jumanne ile mke wa Chupa alikuwa amelala chumbani, mtoto wa wiki tatu kifuani, na mama mkwe wake alikuwa nje akisugua gari. Alilisugua tangu jua likiwa utosini mpaka lilipoanza kuinama. Alianzia boneti, akapanda paa, akashuka buti, akazunguka milango yote minne, na kila alipokuta kinyesi cha ndege kilichoganda alikaza mkono. Alikuwa na ndoo mbili za maji, sabuni ya unga, na waya wa kusugulia masufuria. Masufuria ya nyumba ile alikwisha kuyamaliza wiki aliyofika kumlea mkwe. Yaling'aa hata ungeweza kujitazama ukinyoa ndevu.

Chupa alirudi kazini kwa miguu, kama ilivyokuwa desturi yake siku za katikati ya wiki, maana gari lile hakulinunua ili lichakae. Alimkuta mama yake amesimama kibarazani, gauni limelowa mpaka magotini, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Nimekuogeshea gari lako, baba," alisema mama. "Lilikuwa linatia huruma."

Gari jeusi likiwa na maji huficha mambo. Chupa alishukuru, akapita, akainama kuvua viatu. Alikuwa amevua kimoja alipotupa jicho nyuma. Maji yalikuwa yanakauka kuanzia boneti, na palipokauka, weusi ulikuwa umeondoka. Mahali pake palikuwa na ukungu wa kijivu, na ndani ya ukungu huo mikwaruzo, duara juu ya duara, maelfu kwa maelfu, kama karatasi iliyoachiwa mtu asiyejua kuandika.

Alitoka na kiatu kimoja. Akapitisha kidole juu ya boneti.

"Mama. Umelisugua na nini?"

"Na huu." Mama alinyanyua waya. "Kitambaa kilishindwa. Ndege wako wana gundi."

"Mama! Hili ni sufuria?"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, lakini ilipokwisha kutoka hakuishusha. Jirani yao, fundi seremala, aliacha randa yake ikiwa katikati ya ubao. "Umeniua, mama! Ijumaa nitakwenda na nini? Utanibeba mgongoni? Kitu hukijui, kwa nini usiulize? Kuna mtu alikutuma?"

Mama alitazama waya mkononi mwake, akatazama gari, kisha akaupeleka mkono nyuma ya mgongo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitano, na alisimama hivyo kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Mkewe alitoka na mtoto begani, nywele zimelala upande mmoja. "Baba mtoto, punguza sauti. Ni mama."

"Najua ni mama!"

"Kama unajua, basi."

Seremala alirudisha macho kwenye ubao, lakini randa haikusikika tena jioni ile.

Chupa alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari. Ndiye aliyepanga vifaa kabla ya somo na kuvisafisha baada ya somo, na kwa miaka kumi na mmoja walimu hawakumwita kwa jina jingine. Chupa, lete asidi. Chupa, funga madirisha. Hata wanafunzi walimwita hivyo, wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Aliponunua gari, kuukuu lakini jeusi na la kuheshimika, jina halikubadilika, ila waliomwita walianza kuongeza tabasamu. Kwake hiyo ilikuwa hatua.

Wiki mbili nyuma, kwenye kikao, mwalimu mkuu aliuliza ni nani atakayempokea mgeni rasmi Ijumaa ya mahafali, amtoe hotelini na kumleta shuleni. Chupa alinyoosha mkono kabla mwalimu mkuu hajamaliza sentensi.

"Chupa," mwalimu wa hisabati alidakia, "mgeni atakaa kiti cha nyuma au utamweka kwenye beseni la kuoshea chupa?"

Walimu walicheka. Mwalimu mkuu aligonga meza, kisha akaandika ubaoni: Usafiri wa mgeni rasmi. Mbele ya maneno hayo akaandika jina la Chupa, lile la kweli, majina yote mawili. Baada ya kikao Chupa alibaki nyuma akijifanya anapanga viti, ili alitazame.

Jumatano asubuhi aliomba ruhusa ya muda wa saa mbili ili alipeleke gari kwa fundi. Alipotoka alimkuta mama yake amekwisha kuvaa gauni lake la kutokea, amesimama kando ya mlango wa nyuma wa gari.

"Nakwenda na wewe."

"Ya nini, mama?"

"Mgonjwa akipelekwa kwa daktari, aliyempikia ndiye anayeulizwa alikula nini. Nitamweleza fundi mwenyewe. Mimi ndiye niliyekosa."

Chupa hakuwa na nguvu za kubishana. Mama alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Chupa aliona kuwa kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hakumwambia ahamie.

Karakana ya fundi wa rangi ilikuwa banda pana la mabati. Ndani kulikuwa na gari jeupe lililofunikwa vioo na taa kwa magazeti na tepu, kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Kwenye benchi waliketi wateja wawili, mmoja na tai, mwingine na viatu ambavyo Chupa aliviona kabla ya kumwona mwenyewe. Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye rangi chini ya kila ukucha. Alichukua tochi, akaimulika boneti kwa upande, akazunguka gari lote bila kusema neno, akarudi pale alipoanzia.

"Loo," alisema. "Nimeona gari lililokwaruzwa na ufunguo, na miba, na mke aliyeachwa. Hili sijaliona. Nani kafanya haya?"

Mwenye tai alifunga simu yake na kunyoosha shingo.

Mama alikuwa ameteremsha kioo cha dirisha ili atoe maelezo yake. Alikuwa ameyapanga njiani. Midomo ilikwisha kufunguka.

"Mfanyakazi wa nyumbani," alisema Chupa. "Mgeni, ndiyo kwanza katoka shamba. Hajui kitu."

Hakujua neno lilitoka wapi. Lilitoka tu, likakaa pale katikati ya banda, na hakuna aliyelichukua.

Fundi alishusha tochi. Alimtazama mama dirishani, akamtazama Chupa, akarudi kwa mama. "Huyu hapa?"

Chupa alijifanya anakagua tairi.

"Ndiyo, bwana," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ni mimi. Nilitumia waya wa masufuria na sabuni ya unga. Mkono wangu mzito."

"Pole, mama. Mtu mzima wewe, jua lote lile." Fundi alikuna kidevu. "Haya, bosi hakukati mshahara?"

"Hanikati. Bosi wangu mwema."

Mwenye tai alicheka kidogo, kicheko cha watu wanaojuana kwa matatizo ya wafanyakazi. "Una roho, kaka," alimwambia Chupa. "Mimi wangu ningekuwa nimeshamrudisha kwao."

Fundi hakucheka. Alieleza kazi: kuliosha upya, kulipiga msasa laini wa maji, kisha mashine ya kung'arisha mara tatu, kila mara na dawa yake. "Ukiniachia sasa hivi, Ijumaa asubuhi unakuja kulichukua. Utajitazama ndani yake." Akataja bei. Ilikuwa kama nusu ya mshahara wa mwezi. Chupa alikuwa nayo. Iliwekwa kwa ajili ya mtoto, lakini alikuwa nayo. Angeitoa. Kilichomshinda ni kukabidhi ufunguo, kisha ashuke yule mama kutoka kiti cha nyuma, watoke bandani miguu kwa miguu mbele ya benchi lile, na keshokutwa arudi tena aulizwe hali ya mfanyakazi wake.

"Na nikifanya mwenyewe?"

"Dawa zinauzwa, si siri. Lakini nisikilize." Fundi aligusa boneti kwa ncha ya kidole. "Juu ya weusi huu kuna ngozi moja ya uwazi, sisi tunaiita klia. Nyembamba kama karatasi. Mikwaruzo yako imo humo. Kazi yangu ni kuipunguza klia mpaka mikwaruzo iishe kabla klia yenyewe haijaisha. Ukiipita klia unakutana na rangi. Ukiipita rangi unakutana na aibu. Vyaelea vimeundwa, kaka."

"Nimefanya kazi maabara miaka kumi na mmoja," alisema Chupa. "Dawa nazijua."

"Sawa, bosi."

Wakashika njia ya kurudi. Kwenye kioo cha juu Chupa aliona nusu ya uso wa mama yake, paji na jicho moja, vikitazama maduka yanayopita. Walipokaribia nyumbani alikohoa.

"Mama, nilisema vile kwa sababu ya wale watu. Unajua watu."

"Nawajua."

"Sikuwa na maana…"

"Angalia barabara, baba."

Mkewe aliuliza fundi kasema nini. Chupa alisema bei ilimshinda. Mama, aliyekuwa akivua viatu, hakuongeza wala kupunguza.

Ila kuanzia mchana ule alianza kubisha hodi kabla ya kuingia sebuleni. Wakati wa chakula aliandaa meza, akaweka maji ya kunawa, kisha akachukua sahani yake na kuketi kwenye kigoda jikoni.

"Mama, njoo mezani," mkwe wake aliita.

"Kuleni tu, mwanangu. Huku kuna upepo."

Jikoni kulikuwa na dirisha moja, na lilikuwa limefungwa. Mke wa Chupa alimwegemea mumewe. "Umemwambia nini? Tangu mrudi amekuwa mgeni humu ndani. Kama ni ile ya jana, mwombe radhi yaishe."

"Amechoka."

"Mtu akichoka hukaa kwenye kiti, hakai kwenye kigoda."

Chupa aliendelea kutafuna. 

Alhamisi alipiga simu shuleni, akasema mtoto ana homa. Alipomaliza aliona mkewe amesimama mlangoni akimtazama, mtoto mzima wa afya mkononi. "Mtoto wangu usimwombee ugonjwa kwa ajili ya gari," alisema, akaondoka.

Alinunua makopo mawili ya dawa ya kung'arisha. Kwa seremala aliazima mashine ya kutobolea mbao, akafunga mbele yake duara la sponji alilouziwa dukani. Seremala alikuja nayo mwenyewe na akabaki, mikono mfukoni, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Alianza na mlango wa dereva. Alipaka dawa, akawasha mashine, akaipitisha polepole, akafuta kwa kitambaa. Mikwaruzo ilikuwa imepungua. Alirudia, akafuta tena. Mlango ulirudisha sura yake, macho, pua, jasho.

"Wee!" seremala alisema. "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?"

Chupa alimwita mkewe aje aone, na mkewe alikuja, akakubali kuwa umependeza. Mama alikuja mpaka kizingitini. "Hongera," alisema. Chupa alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nusu ya mshahara! Watu huibiwa kwa sababu hawajiamini. Alianza kufikiri namna atakavyomsimulia mwalimu wa hisabati.

Mlango wa pili ulikwenda vizuri. Boneti ndiyo iliyokuwa na mikwaruzo mirefu zaidi, maana hapo ndipo mama alipoanza akiwa na nguvu zake zote. Jua lilikuwa limepanda na bati limeshika moto. Chupa aliweka dawa, ikakauka kabla hajaisambaza. Akaongeza. Kulikuwa na alama moja karibu na mkunjo wa boneti iliyokataa kutoka, naye akaielemea kwa kifua. Harufu ilibadilika.

"Jirani," alisema seremala. "Jirani, simamisha. Simamisha!"

Alipofuta, kitambaa kilitoka cheusi. Katikati ya boneti palikuwa na doa la kijivu cha saruji, kubwa kama sahani, kingo zake zimeungua. Halikuwa mkwaruzo tena. Hapakuwa na rangi.

Seremala alichomoa waya wa mashine yake, akauviringisha polepole. Hakuwa na utani hata mmoja, na hilo lilimwuma Chupa kuliko utani. Alitazama kizingitini. Mama yake alikuwa amekwisha kugeuka na kuingia ndani, ili asionekane kuwa ameona.

Safari hii alikwenda kwa fundi peke yake. Benchi lilikuwa tupu, alhamdulillahi. Fundi alitoka na tochi lakini hakuiwasha. Doa lile halikuhitaji tochi.

"Na hili," aliuliza, "nalo kafanya mfanyakazi?"

Mlango wa uongo ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kupita tena, na hakuna mtu ambaye angemzuia.

"Ni mimi," alisema Chupa. Kisha, kwa kuwa fundi bado alikuwa akimtazama: "Na yule si mfanyakazi. Ni mama yangu."

"Mzazi?"

"Mzazi."

Fundi alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilijua," alisema. "Mna paji moja na macho yale yale, kaka, kipofu angeona. Hata yule wa tai, ulipoondoka aliniuliza, 'Hivi yule si mama yake?' Nikamwambia funika kombe." Alitazama chini. "Nimepaka rangi miaka ishirini. Watu huniambia uongo kila siku: nimegongwa nimeegesha, ni mbuzi, ni mtoto wa jirani. Haunihusu. Lakini jana nilikwenda nyumbani nikampigia mama yangu simu, bila sababu."

 Masikio yalimwaka Chupa mpaka shingoni.

Gari halingekuwa tayari kabla ya wiki ijayo. Boneti nzima ingepakwa upya, na bei ilikuwa mara mbili ya ile ya jana. Chupa aliacha ufunguo bila kuuliza punguzo. Nje ya banda alimpigia mwalimu mkuu. Alikuwa amejiandaa kueleza, lakini hakupewa nafasi.

"Gari? Aa, usijali, Chupa. Mgeni anakuja na dereva wake, tuliambiwa tangu Jumatatu. Sikukwambia? Kesho wewe njoo mapema upange viti. Na mtoto homa imeshuka?"

"Imeshuka," alisema Chupa.

Alirudi kwa miguu. Mkewe alikuwa sebuleni akimnyonyesha mtoto, mama jikoni kwenye kigoda chake akikunja nguo za mtoto. Chupa alisimama kwenye mlango unaotenganisha vyumba hivyo viwili, akasema yote kwa pumzi moja, akimtazama mkewe kwa sababu upande wa pili hakuuweza: kwamba bei haikumshinda, kwamba fundi aliuliza, kwamba alijibu mfanyakazi wa nyumbani, na mama akaitikia.

Mkewe hakupiga kelele. Alimfunika mtoto masikio kwa kiganja, kama vile maneno yale yangemwingia.

"Mama," alisema Chupa. "Nisamehe."

Mama alimaliza kukunja kinguo alichokuwa nacho, akakiweka juu ya vingine.

"Uliposema mfanyakazi sikuumia," alisema. "Nimekuwa mfanyakazi. Mke wako hajui, ulimwambia nilikuwa na duka, nikanyamaza, nikasema ni mambo yenu. Mwanangu," alimgeukia mkwe wake, "nimefua na kupika katika nyumba za watu miaka kumi na tisa. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha huyu. Si neno la aibu hilo." Akachukua kinguo kingine. "Lililoniumiza ni 'hajui kitu'. Kwa sababu ni kweli. Zile nyumba zote zilikuwa na magari, na hakuna hata moja nililoruhusiwa kuligusa. Walikuwa na mtu wao wa kuosha. Sisi wa jikoni tulikatazwa hata kuyaegemea. Basi Jumanne nilipoliona lile nje, limechafuka, nikasema, hili nitaligusa. Hili ni la mwanangu, nani atanikataza?"

Hakulia. Aliyelia ni mkwe. Chupa alibaki pale mlangoni, mkono kwenye fremu, akitamani mtu amtukane.

"Kaa mezani leo, mama," alisema hatimaye.

"Nitakaa," alisema mama. "Jumapili nitarudi kwangu."

"Ulisema utakaa miezi miwili."

"Nilisema."

Jumapili walitembea mpaka kituo cha mabasi, gari likiwa bado kwa fundi. Mkewe aliwasindikiza hadi kona na mtoto, akamkumbatia mama muda mrefu, wakaambiana jambo ambalo Chupa hakulisikia wala hakuuliza. Yeye alibeba begi kichwani kama kuli, ingawa lilikuwa na mpini. Mama alimwambia mara mbili alishike vizuri kama watu, na mara mbili alikataa.

Kituoni palikuwa na msongamano. Kondakta alikuwa akipakia mizigo chini ya basi, akipiga kelele bila kumtazama mtu. "Begi hili la nani? La nani hili?"

"La mama yangu!" alisema Chupa.

Alilisema kwa sauti kubwa mno. Abiria waliokuwa mlangoni waligeuka. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alimtazama juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta ugomvi uko wapi.

"Haya bwana, la mama yako, nani kabisha?" alisema kondakta, akalisukuma ndani.

Chupa alisimama na mikono mitupu. Alimtafuta mama yake kwa macho, na akamwona amekwisha kupanda, ameketi upande wa dirisha. Alikuwa ameyasikia. Lakini alikuwa ameelekeza uso mbele, kwenye mgongo wa kiti, kama mtu anayemwonea mwenzake haya. Na basi lilipoondoka alinyanyua mkono kidogo tu, bila kugeuka, na Chupa alipunga mpaka watu wakaanza kumpita kwa kumzunguka.